Tulipanda miche 300, imebaki ya kuhesabu: tuanzie wapi upya?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi na wenzangu kumi na wanne tunajitolea Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi kwenye kipande cha msitu kilichobaki kando ya kijito, katikati ya mji. Mwaka jana tulifyeka upande wote uliokuwa umezidiwa na magugu, tukapanda miche 300. Leo iliyobaki hai unaweza kuihesabu kwa vidole, magugu yamerudi mazito kuliko mwanzo, na mvua ikinyesha kijito kinajaa chupa na mifuko kama vile hatujawahi kufika. Wenzangu wameanza kupungua. Tunakosea wapi? Na kweli watu wa kujitolea wanaweza kurudisha uhai wa kijito?

Jibu: Marahaba. Kosa lenu ni la kawaida sana, na mimi mwenyewe nimelifanya: mmeanzia mahali pabovu kabisa. Inaeleweka. Mtu akiingia kwenye msitu ulioumia, jicho hukimbilia kwenye jeraha. Mnaona upande uliomezwa, moyo unawaka, mapanga yanatoka. Lakini ardhi ya namna hiyo ndiyo inayodai kazi nyingi kuliko zote na kulipa kidogo kuliko zote, na nyinyi ni watu kumi na watano wenye asubuhi moja kwa mwezi.

Kilichotokea ni hiki. Magugu mliyoyafyeka yalikuwa sehemu ndogo tu ya magugu yaliyopo. Chini yake, kwenye sentimita chache za juu za udongo, kulikuwa na akiba ya mbegu iliyojilimbikiza kwa miaka mingi. Mbegu nyingi za magugu huhitaji mwanga ili ziote. Mlipoondoa kivuli chote kwa siku moja, jua likapiga udongo mtupu, kisha mvua ikaja: mkawa mmeziamsha zote kwa pamoja. Visiki mlivyoviacha navyo vikatoa maotea, na maotea yana mizizi ya zamani ya kuyalisha. Miche yenu, yenye mizizi ya urefu wa kiganja, ikaingizwa kwenye mashindano hayo ikiwa haina mtu wa kuitetea mpaka Jumamosi ya mwezi uliofuata.

Katika miaka ya 1960, huko Sydney, Australia, dada wawili, Eileen na Joan Bradley, walikuwa na mazoea ya kutembea kwenye vipande vya msitu vilivyobaki karibu na kwao. Waliona jambo ambalo wengi walikuwa wakilipita: palipofyekwa kwa wingi, magugu yalirudi, pale wao walipokuwa waking'oa gugu moja moja kila wapitapo, mimea ya asili iliijaza nafasi yenyewe. Wakatengeneza utaratibu ambao mpaka leo unabeba jina lao, wenye kanuni tatu. Anza mahali pazuri, ukielekea pabovu. Usivuruge udongo zaidi ya inavyolazimu, na majani makavu uliyoyasogeza uyarudishe. Na kasi ya kung'oa iamuliwe na kasi ya mimea ya asili kurudi, si na hamu yako.

Hiyo ya tatu ndiyo ngumu kwa watu wenye bidii. Maana yake ni kwamba kuna siku mtafika, mtaangalia, mtaona mimea ya asili bado haijafunika ile sehemu ya mwezi uliopita, na kazi ya siku hiyo itakuwa kung'oa vijigugu vilivyoota hapo hapo, bila kuongeza hata hatua moja mbele. Nimewahi kuona kundi zima likinung'unika kwa sababu hiyo. Lakini ukubwa wa eneo lenu hautokani na kile mnachoweza kufyeka. Unatokana na kile mnachoweza kurudia. Gugu la aina inayoishi msimu mmoja tu likipata mvua linaweza kutoka mbegu hadi mbegu kwa wiki chache, kwa hiyo mkirudi baada ya siku thelathini mnaweza kukuta limeshamwaga uzao wa pili. Wakati wa mvua ni afadhali watu watano wafike kila baada ya wiki mbili kwa saa mbili, kuliko watu kumi na watano wafike mara moja kwa siku nzima. Kiangazi mnaweza kupumzika zaidi.

Basi Jumamosi ijayo acheni mapanga nyumbani. Tembeeni eneo lote, mkiwa na karatasi na penseli, mkachore ramani hata kama ni ya ovyo. Tafuteni mahali ambapo miti ya asili bado imesimama, majani makavu yametanda chini, na ukiinama unaona miche iliyojiotea yenyewe. Hapo pekee ndipo mnyororo wa uhai haujakatika: kuna mti mama, kuna mbegu, kuna kuvu kwenye udongo, kuna ndege wa kubeba. Ng'oeni magugu machache yaliyomo ndani ya sehemu hiyo kwanza, halafu yale ya pembeni yake, upana wa mita mbili au tatu tu, kisha mngoje. Upande uliochakaa, ule uliowavunja moyo, uacheni. Kitu kimoja tu mnaweza kuufanyia: kukata maua na matunda ya magugu kabla hayajakomaa, ili usiendelee kumwaga mbegu upande wenu.

Kuna sababu nyingine ya kuuacha. Kichaka cha lantana, kwa mfano, ni balaa kwa msitu. Asili yake ni Amerika ya joto, ndege wanakula matunda yake na kuyasambaza, na imo kwenye orodha ya spishi vamizi 100 mbaya zaidi duniani. Lakini mjini, mahali ambapo kila kichaka kingine kimeshakatwa, mara nyingi lantana hiyo hiyo ndiyo maficho pekee ya ndege wadogo dhidi ya paka na kunguru. Ukiifyeka yote kwa asubuhi moja umewatoa uwanjani. Iondoeni vipande vipande, na kila kipande kisubiri mpaka kile cha kwanza kimeota kitu cha kujifichia.

Kwenye ukingo wa kijito ongezeni tahadhari. Pale mizizi ya gugu ndiyo imeshika udongo, na mkiling'oa mmeukabidhi ukingo kwa mafuriko yajayo. Kateni juu, mwache mizizi, mpande kitu cha asili katikati yake, na mrudi kukata tena na tena mpaka gugu lichoke. Mbali na ukingo, kwa gugu lenye mzizi mmoja mnene, ng'oeni baada ya mvua udongo ukiwa laini, mkishika chini kabisa ya shina. Yale yenye vitunguu au viazi ardhini yachimbeni kwa kisu chembamba, si jembe. Jembe huvikata vipande, na kila kipande kinakuwa mmea mpya. Mitambaazi iliyopanda mitini ikateni usawa wa kiuno na chini, kisha iacheni ikaukie hukohuko juu. Kuivuta ni kuvunja matawi, na mara nyingine ni kujiangushia tawi kichwani.

Kuhusu dawa za kuua magugu nitasema kifupi: kundi la kujitolea lisizishike bila mtu mwenye mafunzo na idhini, na karibu na maji ndiyo kabisa. Katika baadhi ya dawa za glaifoseti, kilichochanganywa ili dawa ishike jani kimeonekana kuwa sumu kwa vyura hata kuliko kiini cha dawa chenyewe.

Hujauliza kuhusu kutambua mimea, lakini naomba nilitaje maana ndiko makundi mengi yanakofanya uharibifu kwa nia njema. Mche wa mti wa asili wenye majani mawili na gugu lenye majani mawili hufanana mno. Wekeni sheria: usichokijua usiking'oe. Mpige picha, mfunge utepe, msubiri ukue. Anzeni na magugu matatu tu ambayo kila mmoja wenu, hata mgeni wa siku ile, anaweza kuyatambua akiwa amefumba jicho moja. Mkiyamudu hayo, ongezeni la nne. Programu za simu kama iNaturalist husaidia kukisia jina la mmea kwa picha, ila kwa miche midogo hukosea, kwa hiyo jibu lake lithibitishwe na mtu anayeijua mimea ya pale. Mara nyingi mtu huyo ni mzee wa jirani aliyechunga au kuchuma dawa hapo utotoni, na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Sasa hiyo miche 300. Sisemi msipande tena. Nasema kupanda ni hatua ya mwisho, kwa ajili ya mahali ambapo mmesubiri misimu miwili na hakuna cha asili kilichojiotea. Mkifika hapo, pandeni idadi mnayoweza kumwagilia na kupalilia kwa miaka mitatu. Kwa kundi lenu hiyo huenda ni miche 40, na 40 iliyo hai ni mingi kuliko 300 iliyokufa, ingawa najua haipendezi kwenye picha ya siku ya uzinduzi.

Mbegu zichumeni kwenye miti ya asili ya eneo hilo hilo, na si mti mmoja. Chumeni kwenye miti kadhaa, kidogo kidogo, mwache ya kutosha kwa ndege. Miche mirefu inawavutia watu, lakini ule wa urefu wa goti ulio na mizizi mizuri hushika haraka kuliko ule wa kifuani uliokaa muda mrefu kwenye mfuko mpaka mizizi ikajizungusha kama kamba. Kabla ya kupanda, pasua mfuko uangalie. Mizizi ikiwa imejisokota chini, ifungue au uikate. Panda mwanzoni mwa mvua, si katikati. Tandaza matandazo kuzunguka mche, ila yasiguse shina, maana shina lililofunikwa huoza. Na kila mmea uwekwe kwenye ngazi yake: matete na jamaa zake chini, miguu majini, vichaka vinavyovumilia kuzama siku mbili tatu katikati ya ukingo, miti mikubwa juu. Nikikisia, sehemu ya miche yenu ilikufa kwa kuwekwa ngazi isiyo yake, ikazama au ikakauka.

Tuje kwenye maji. Hapa lazima niwe mkweli hata kama inauma. Msitu wenu kwa sehemu kubwa uko mikononi mwenu. Kijito hakiko. Kijito ni hesabu ya kila paa, kila barabara ya lami na kila mfereji uliopo juu yake. Ardhi yenye mimea hunywa mvua na kuitoa polepole. Lami na saruji huisukuma yote kwa dakika chache. Mabadiliko mabaya kwenye mikondo huanza kuonekana sakafu ngumu ikifika hata asilimia 10 hivi ya eneo linalokusanya maji, na katikati ya mji mmepita hapo kitambo. Ndiyo maana kijito cha mjini huja na ghadhabu saa moja, kikala kingo na kuchimba kitako chake, kisha kesho yake kikawa uzi wa maji. Mkipanda mita kumi za ukingo hamkibadilishi hicho kitu. Hata serikali yenye fedha hupata taabu: Seoul, Korea Kusini, waliibomoa barabara kuu ya juu na kufunua mto wa Cheonggyecheon kwa karibu kilomita 6, kazi iliyochukua kuanzia 2003 hadi 2005, na mpaka leo sehemu kubwa ya maji yanayotiririka pale yanasukumwa kwa pampu.

Hiyo haimaanishi mkae kando. Kuna mambo mnayoweza, na kivuli ni la kwanza. Maji ya nyuzi joto 20 hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30, uwezo wake unashuka mpaka saba na nusu. Samaki na wadudu wa majini wanaishi kwenye tofauti hiyo. Miti inayoinamia maji ni kazi halisi, ingawa matokeo yake ni ya miaka.

Jambo jingine ni kuacha kusafisha kupita kiasi. Nimeona watu wema wakitoa kijitoni chupa, mifuko na magogo, vyote kwenye rundo moja! Gogo lililolala majini si taka. Nyuma yake maji hupungua kasi, majani hunasa, samaki wadogo hujificha, kereng'ende hupata pa kutua. Kama halizibi daraja au kalvati, liacheni. Na mti mkavu uliosimama mbali na njia ya watu uacheni pia, kwa ajili ya ndege wanaotaga kwenye mashimo.

Taka zenyewe mtazibeba milele kama hamjui zinakotoka. Mara mbili tu, badala ya kuzoa na kutupa, mwageni rundo kwenye turubai mlihesabu kwa aina. Mkikuta sehemu kubwa ni vifuniko na chupa za kinywaji, ni hadithi moja. Mkikuta nepi na taka za jikoni, ni mtaa ulio juu usiofikiwa na gari la taka. Mkikuta vipande vya vifungashio vya aina moja, kuna karakana au duka kubwa karibu na mfereji. Mkiwa na hesabu hiyo mnaweza kwenda kuzungumza na mtu. Bila hesabu mnabaki na hasira. Kamba yenye maboya iliyofungwa mlalo mahali maji yametulia huzuia takataka zinazoelea, lakini iombewe kibali, na iwe na mtu wa kuitoa vitu kila baada ya mvua, vinginevyo inakuwa bwawa la uchafu.

Mkitaka kujua maji yenyewe yako hali gani, inueni mawe. Afrika Kusini walitengeneza njia iitwayo miniSASS ambayo hata wanafunzi huitumia: unakusanya viumbe wadogo wa majini kwa wavu, unawapanga katika makundi 13, unapata alama ya afya ya mto. Mantiki yake ni rahisi. Kuna mabuu wasiovumilia uchafu, kama wale wenye mikia mitatu membamba wanaong'ang'ania chini ya mawe, au wale wanaojijengea vijumba vya mchanga na vijiti. Kuna wanaoishi popote: minyoo, ruba, mabuu wekundu kama uzi wa damu. Mkikuta hao wa mwisho tu, na maji ya kijivu yenye harufu ya yai bovu, hapo kuna majitaka yanayoingia, na hakuna mti mtakaopanda utakaoyatibu. Pigeni picha, andikeni tarehe, saa na mahali, mpeleke kwa mamlaka ya maji. Rudieni kila mwezi. Malalamiko ya mara moja hufunikwa na faili. Rekodi ya mwaka mzima, yenye alama zinazoshuka baada ya mfereji fulani, ni vigumu kuifunika.

Na kwa ajili hiyo hiyo: msiingie maji hayo na miguu mitupu. Mkojo wa panya huleta homa ya mgunda kupitia michubuko, na penye konokono wa maji baridi kunaweza kuwa na kichocho. Viatu virefu vya mpira, glavu nene, kidonda kifunikwe, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya mtu kugusa kitafunwa. Sindano na vioo viokotwe kwa koleo, viingie kwenye chombo kigumu, visiingie kamwe kwenye mfuko. Kukiwa na wingu jeusi upande wa juu wa mji, tokeni kijitoni hata kama kwenu jua linawaka. Na muwe na barua ya ruhusa ya mwenye ardhi, halmashauri au yeyote yule. Nimejua kundi lililoitunza sehemu kwa miaka mitatu, kisha mkandarasi akaja na mashine ya kufyeka nyasi kwa sababu hakuna karatasi iliyosema pale panatunzwa.

Wenzako wanaopungua sidhani kama ni wavivu. Wamepewa kazi isiyoonyesha matokeo. Chagueni sehemu nne, mchimbie kigingi, na kila baada ya miezi mitatu mpige picha mkiwa mmesimama kwenye kigingi hicho mkielekea upande uleule. Mabadiliko ya msitu hayaonekani kwa anayekuja kila mwezi. Yanaonekana kwenye picha mbili zilizowekwa bega kwa bega. Pia si kila mtu lazima ainame. Mwenye mgongo mbovu atunze kitalu, anayependa kuhesabu apewe daftari la wadudu, kijana mwenye simu apewe ramani. Na likija kundi la wafanyakazi 100 kutoka kampuni fulani wanaotaka kupanda miti kwa asubuhi moja, washukuruni sana, kisha wapeni taka, toroli na matandazo ya kubeba. Kwenye ile sehemu nzuri wasikanyage.

Umeuliza kama watu wa kujitolea wanaweza kurudisha uhai wa kijito. Kingo, kivuli, taka na ushahidi, ndiyo, mnaweza. Majitaka na nguvu ya mafuriko ni kazi ya wenye bajeti, na nyinyi kazi yenu hapo ni kuwasumbua kwa takwimu.

Kabla sijasahau: hiyo miche michache iliyobaki, msiihamishe wala msiione aibu. Nenda kwa kila mmoja, uandike ni aina gani, uko umbali gani kutoka majini, uko kivulini au juani, na nini kimeota jirani yake. Imepita mwaka mzima bila msaada wenu mahali ambapo mingine yote imeshindwa. Niletee orodha hiyo, tuangalie pamoja ni ipi ya kuoteshea kwenye kitalu.